Kalavati la Ukurasa wa Pili

Juzi binti yangu, yule wa darasa la sita, alitoka shule na swali la Uraia na Maadili: "Mama, gazeti linaruhusiwa kutuambia tumchague nani?" Nilikuwa napanga rimu za karatasi. Nikamjibu inategemea. "Inategemea nini?" Nikamwambia akaangalie maharage yasiungue. Maharage yenyewe yalikuwa hata hayajabandikwa.

Jibu ninalo, ila haliingii kwenye mistari miwili ya daftari. Liko Oktoba ya 2015, kwenye kile kibaraza cha zamani, kabla sijahamishia mashine yangu ya kuchapa upande wa pili wa barabara.

Ile Oktoba mnaikumbuka. Joto la Tabora la kusubiri mvua, magari ya matangazo yanapishana tangu asubuhi, huku Magufuli, huku Lowassa, watoto wanajua nyimbo za vyama vyote kuliko jedwali la kuzidisha. Kampeni zilianza Agosti 22, kura ilikuwa Jumapili ya Oktoba 25. Lakini urais haukunipa mimi hata senti. Mabango ya urais yalishushwa kutoka Dar es Salaam yakiwa tayari. Waliolisha mashine yangu ni wagombea udiwani. Mgombea udiwani anakuja kwa miguu, karatasi ya daftari imekunjwakunjwa mfukoni, anataka kipeperushi chenye picha, na anakitaka leo. Unapochapa anasimama nyuma ya kiti chako, anasoma kila neno kwa sauti na kuongeza sifa. Ukimaliza kuchapa, unanyamaza. Mchapaji ni kama mganga: kesho mpinzani wake atakalia benchi lilelile, na uso wako uwe mkavu.

Mmoja wao, kata siitaji na chama sikitaji, aliniletea maelezo yake yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Visima, jezi za vijana, madawati, na hili hapa: "kalavati la kisasa lililomaliza kero ya miaka mingi." Picha yake ya paspoti tai ilikuwa imeenda upande. Nikamshauri tukapige nyingine, akakataa, hiyohiyo ndiyo yenye bahati. Haya. Nikachapa, akalipa, akaondoka na bahasha ya vipeperushi kwapani.

Wiki ya mwisho gazeti likatoka. Naliita gazeti kwa heshima tu. Lilikuwa na kurasa chache, linachapwa Mwanza na kushushwa na basi, na lilitoka pale mwenyewe alipopata matangazo ya kutosha. Tulilipenda, nisidanganye. Magazeti makubwa huikumbuka Tabora tumbaku ikikosa soko. Hili liliandika mtaro wa Ipuli na taa za Isevya, liliandika nani kafungiwa duka lake na kwa nini. Mhariri wake tulimjua, alikuwa akipita dukani kwangu kukusanya fedha za mauzo na kuomba maji ya kunywa. Safari hiyo kichwa cha habari kilichukua nusu ya ukurasa wa kwanza: MADIWANI WENU HAWA HAPA. Kufika saa nane mchana, mezani kwangu ilikuwa imebaki nakala moja.

Nakala hiyo ndiyo waliyoniomba niwasomee. Ilikuwa baada ya alasiri, mzee wa kahawa ameshatua dele lake kwenye mkaa, vikombe vinagongana kwenye ndoo, na kibaraza kimejaa kama kawaida: Babu wa nyumba ya pili, ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, yule mwalimu jirani, bado na chaki kwenye shati, vijana wawili wa bodaboda, na mama muuza karanga ameketi pembeni na sinia lake, anakunja karatasi kutengeneza vikoni vya karanga. Mimi nilisimama mlangoni, gazeti mkononi.

Nikasoma. Kata baada ya kata, jina, kisha maneno mawili matatu. Huyu mchapakazi. Huyu mtoto wa nyumbani. Huyu chaguo la vijana. Mwalimu akawa anaguna. "Mchapakazi wa kazi gani? Mtoto wa nyumbani, wenzake wamezaliwa stendi?" Vijana wakacheka. Babu akaniambia, "Endelea, mwanangu, huyu anasahihisha mitihani."

Nikafika kata yetu, ukurasa wa pili. Sisi tulikuwa tumepewa aya nzima. Nikaanza kusoma, na kabla sijafika katikati vidole vyangu vikaanza kuyakumbuka yale maneno kabla ya macho. Visima. Jezi. Madawati. Nikajua linalofuata, nikalisoma hivyo hivyo, sauti ikiwa inanipungua: "...na kalavati la kisasa lililomaliza kero ya miaka mingi."

Mama wa karanga akaacha kukunja. "Kalavati lipi?"

"Hawajasema, mama."

"Lile la njia ya kisimani?" Akasimama kabisa. "Mawe ya lile nimebeba mimi. Kichwani. Na mimba ya huyu." Akamshika bega mtoto aliyekuwa anachezea kifuniko cha ndoo. "Fundi tulimlipa kwa mchango, kila nyumba ilitoa. Yeye alileta simenti, kweli sitamnyima haki yake, alileta mifuko mitatu. Na mmoja ulikuwa umeshaganda."

Halafu akatazama kikoni alichokuwa anakikunja. Akakikunjua taratibu, akakinyoosha juu ya goti. Kilikuwa kipeperushi. Alipewa rundo zima kwenye mkutano, na karatasi ikishafika kwa muuza karanga ina kazi yake. Akampa mwalimu. Mwalimu akakisoma, akanyoosha mkono nimpe na gazeti, akaviweka ubavu kwa ubavu kwenye ngazi. Neno kwa neno. Hata mkato ulikaa palepale nilipouweka mimi. Sikusema lolote, na sikuhitaji kusema. Karanga zilikuwa zimeshatoa ushahidi.

"Geuza nyuma," akasema kijana mmoja wa bodaboda. Ukurasa wa mwisho, robo ukurasa, tangazo la kulipia: yule yule, tai imeenda upande.

Hapo ndipo nilipoingia na mimi. Miaka hiyo nilikuwa na mdomo. Nikawaambia tatizo langu siyo gazeti kuwa na mtu wake. Uhuru lina mtu wake tangu 1961 na halijawahi kumficha. Ukilinunua unajua unasoma gazeti la chama. Mwalimu akaongeza kwamba sheria ya uchaguzi inalibana gazeti la Serikali lisipendelee mgombea, gazeti la mtu binafsi halimo, na akatukumbusha jirani zetu wa mwisho wa reli, Kigoma Mjini, uchaguzi mdogo wa 1994 ulivyofikishwa mahakamani na kutenguliwa, na kwamba miongoni mwa malalamiko ya Dk. Walid Kabourou ilikuwa namna Radio Tanzania, redio ya Serikali, ilivyotangaza kampeni ile. Sawa. Lakini hili letu, nikasema, limechukua maneno ya mgombea, likayavua jina lake, likayavisha jina la mhariri. Tangazo lililolipiwa liko nyuma, na lile la mbele tunaambiwa ni maoni. Nani alikwenda kulitazama kalavati? Kutoka hapa ni mwendo wa dakika tano! Wagombea wengine wa kata hii, mbona hata majina yao hayamo, ili mtu apime?

Na chini ya ile aya kulikuwa na sentensi iliyonichoma zaidi: kwamba huyu "ndiye meya anayeifaa Manispaa yetu." Meya! Jumapili ile kila mmoja wetu angepewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haikuwepo, haijawahi kuwepo. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe wakishakaa, wa kata pamoja na wale wa viti maalumu. Gazeti la mjini lisilojua meya anapatikanaje, au linalojua na kutufanya sisi ndio hatujui, linatuelekeza kwa mamlaka gani?

Nilisema vizuri. Hata mzee wa kahawa alisahau kupokea hela.

Babu ndiye aliyeniharibia. Alikunywa kikombe chake mpaka chini, akakirudisha kwenye ndoo. "Sisi tulishapewa orodha," akasema. Mwaka 1958, mwezi wa kwanza, TANU walikutana hapahapa Tabora kubishana kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, asipofanya hivyo kura yake imeharibika. Wengi hawakutaka. Mwalimu Nyerere akawageuza, ukaitwa Uamuzi wa Busara, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuanzisha chama chake. Babu alikuwa kijana, hakuwa na sifa ya kupiga kura. Walitaka elimu, au kipato, au cheo. Baba yake alikuwa karani wa reli, yeye akaandikishwa. "Akaja na majina. Wazungu na Wahindi wa kupigiwa. Kina Bryceson, kina Jamal, yule Bi Sophia Mustafa wa Arusha. Watu wa mikoa mingi hawajawahi kuwatia machoni. Wakawapigia kwa sababu TANU imesema. Wakashinda."

"Kwa hiyo Babu unasema tufuate?" akauliza mwalimu.

"Sijasema. Nasema orodha ile ilikuwa na mwenyewe. Kijarida chao kilijiita Sauti ya TANU. Ulikuwa huulizi ni sauti ya nani. Na Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa yaliyoandikwa mle, akatozwa faini, hakusema siyo mimi."

Nikaona Babu yuko upande wangu, nikafurahi. Ndipo mama wa karanga, ambaye alikuwa amerudi kukaa na kukikunja upya kile kipeperushi, aliniuliza bila kuinua uso:

"Haya, mwanangu. Gazeti limekosea. Sasa wewe unasema tumpigie nani?"

Kibaraza chote kikanigeukia. Nataka mwelewe ile hali. Wagombea wote wa kata ile walikuwa wateja wangu. Nilijua mwandiko wa kila mmoja, nilijua nani alikuja na maelezo yake mwenyewe na nani aliandikiwa na shemeji yake. Nilijua nani aliondoka na deni. Kama kuna mtu mtaani aliyekuwa na cha kusema, ni mimi. Na mtu niliyepanga kumpigia nilikuwa naye kichwani. Nikatazama mashine yangu pale ndani, taa yake ya kijani inawaka.

"Kura ni siri, mama," nikasema.

"Aa." Akamimina karanga kwenye kikoni, kichwa cha mgombea kikiwa chini, akampa kijana wa bodaboda. "Basi gazeti limekosea lakini limesema."

Hakusema kwa ubaya. Mwalimu alianza kunitetea, kwamba kukosoa orodha siyo lazima uje na orodha yako, na hoja yake ilikuwa nzuri tu, ila nusu ya watu walikuwa wameshahamia habari za Simba na Yanga.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Jumapili tulipiga kura, foleni ndefu, amani. Mgombea wa gazeti alishinda kata yetu. Umeya hakuupata. Na ndani ya miaka ile mitano alijenga kalavati, la pili, kule chini kwa wafyatua tofali, na hilo nililitazama kwa macho yangu, zege yake safi, hakuna mama aliyebebeshwa jiwe. Sasa sijui hilo nilihesabie upande gani. Gazeti halikumpendekeza kwa kalavati hilo. Lilimpendekeza kwa lile la mama wa karanga. Lakini ukimuuliza mtu wa kule chini atakwambia gazeti lilisema kweli.

Gazeti lenyewe halikufika mbali. Lilichelewa, likaruka mwezi, likaruka mingine, mhariri akaacha kupita kuomba maji.

Alirudi 2020, miezi michache kabla ya uchaguzi. Amenenepa kidogo, shati la mikono mirefu, na mkononi karatasi ya daftari. Ametia nia ya udiwani. Akaniomba nimchapie maelezo, akakaa kwenye benchi, hakusimama nyuma ya kiti kama wengine. Huyu alijua kuandika. Sentensi zake zilikuwa fupi, safi, kila jambo na mwaka wake. Aya ya pili alijitaja kuwa mwanzilishi wa gazeti "lililowasemea wananchi bila woga." Nikachapa kama lilivyoandikwa.

Nilipotoa nakala ya kwanza aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Dada, wewe umetuona wote humu. Niambie ukweli, unaonaje?"

Nikaangalia karatasi, nikamwangalia yeye.

"Nakala mia mbili ni elfu ishirini," nikamwambia. "Ukitaka na picha, nitaongeza."