Umepima, au Umeambiwa?

Baba yangu alifanya kazi katika genge la matengenezo ya njia ya TAZARA kwa miaka ishirini na sita, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa Mlimba, na mambo ya dunia aliyatazama kwa jicho la kazi hiyo. Nilipompigia simu kwa mara ya kwanza kutoka Tokyo, mwaka 2018, kumjulisha kwamba nimefika salama na chuo kimenipokea, alisikiliza habari za baridi, za chakula na za majengo bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja tu: reli yao ina upana gani? Sikujua. Nilimwahidi kwamba nitaulizia, nikasahau, na kila nilipopiga simu baada ya hapo alinikumbusha kwa upole wa mtu anayedai deni dogo.

Mwezi Machi mwaka 2019, chuo kilipofungwa, niliamua kwenda Kyoto. Nauli ya treni ya mwendokasi, ile wanayoiita Shinkansen, ilikuwa juu ya uwezo wangu, nikashauriwa na mwanafunzi mwenzangu kununua tiketi iitwayo Seishun 18 Kippu, yaani tiketi ya ujana na miaka kumi na minane, ingawa mtu wa umri wowote huuziwa bila kuulizwa lolote. Tiketi hiyo imekuwapo tangu mwaka 1982 na huuzwa kwa misimu. Wakati ule ilikuwa yeni 11,850 kwa siku tano, ambazo mtu aliweza kuzitumia kwa kupumzika katikati alivyopenda, na kila siku ilimruhusu kupanda na kushuka treni za kawaida za JR, yaani kampuni za Reli za Japani, nchi nzima mpaka usiku wa manane. Sharti lake ni kwamba Shinkansen haimo, wala treni za haraka zinazotozwa nyongeza. Siku moja ilinigharimu yeni 2,370, nami nikaona kwamba kwa bei hiyo hata nikichelewa sina wa kumlaumu.

Kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kilomita 513.6. Shinkansen huzimaliza kwa saa mbili na dakika chache. Mimi nilikadiria saa tisa hivi, kwa kubadilisha treni mara nyingi. Nilifika stesheni ya Tokyo saa kumi na moja alfajiri. Kwa kuwa tiketi ile haikuweza kupita kwenye mageti ya mashine, nilipita upande anakokaa mhudumu, naye akagonga muhuri mwekundu kwenye chumba cha kwanza kati ya vyumba vitano vilivyochorwa juu ya tiketi. Nilikuwa nimenunua chupa mbili za chai ya kijani isiyo na sukari kwenye mashine ya ukumbini, na kabla hatujafika Odawara zote mbili zilikuwa tupu. Ninalitaja jambo hili kwa sababu lina uzito katika habari hii.

Atami nilibadilisha treni, na mara baada ya hapo tukaingia katika handaki la Tanna, lenye urefu wa kilomita 7.8. Kazi ya kulichimba ilianza mwaka 1918 na treni ya kwanza ikapita mwaka 1934. Mlima ule ulijaa maji na matope, na watu 67 walikufa humo. Kabla yake njia kuu ilizunguka mbali kupitia Gotemba. Nikiwa gizani nilikumbuka mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako, ambayo Baba alikuwa akiyapita kwa kiberenge alfajiri kukagua njia kabla ya treni ya abiria, na jinsi alivyokuwa akisema kwamba handaki halina haraka, bali wewe ndiwe mwenye haraka.

Treni tuliyopanda Atami ilikuwa na viti virefu vya kuambaa kuta za behewa, abiria wakitazamana kama walioketi kwenye baraza. Mishima na Numazu waliingia wanafunzi waliovaa sare, wakajaza nafasi yote, nami nikampisha kiti mama mmoja aliyebeba mtoto. Hapo ndipo chai ilipoanza kunidai. Nilijipenyeza kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho nikitafuta choo, nikiomba radhi kwa kila bega, na nilipofika mwisho nikakuta kioo, chumba cha mhudumu wa nyuma, na reli zinazokimbilia tulikotoka. Treni ile haikuwa na choo. Baadaye niliambiwa kwamba wasafiri wa tiketi hii wanaijua habari hiyo kama sisi tunavyojua kwamba daladala haina mkanda wa abiria wa nyuma, lakini mimi sikuwa nimeambiwa. Upande wa kulia mlima Fuji ulikuwa umesimama mweupe wote, bila wingu hata moja, na watu wazima walikuwa wakitoa simu kuupiga picha. Siwezi kusema kwamba niliuona.

Nilishuka Yoshiwara, mji wenye viwanda vya karatasi ambao hewa yake ilinipokea kwa harufu nzito. Nilipotoka chooni treni yangu ilikuwa imekwenda, na pamoja nayo mpango mzima niliouandika kwenye karatasi kwa dakika zake. Nilienda kwa mhudumu wa geti, mzee mwenye glavu nyeupe, nikamwonyesha karatasi. Aliisoma taratibu, akafungua kitabu kinene cha ratiba, akaanza kunipangia upya safari yote: Shizuoka, Hamamatsu, Toyohashi, Ogaki, Maibara, Kyoto. Aliandika kwa penseli saa ya kufika na saa ya kuondoka kwa kila mahali, na alipomaliza akaniuliza natoka nchi gani.

Nilimjibu, na kwa kuwa zilibaki dakika kadhaa kabla ya treni iliyofuata, swali la Baba likanirudia. Sikuwa na neno la kitaalamu katika Kijapani changu, kwa hiyo nilielekeza kidole njiani, nikapanua mikono miwili, nikauliza: kutoka huku hadi kule ni kiasi gani? Mzee alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake na mgeni asiyemtarajia. Kisha akageuza ile karatasi ya ratiba na nyuma yake akaandika kwa tarakimu kubwa, kwa milimita: 1,067. Chini yake akaandika Shinkansen, na mbele yake 1,435.

Elfu moja sitini na saba! Tarakimu hiyo niliisikia utotoni kabla sijajua kuhesabu mpaka mia. Baba alikuwa akiitaja alipokuwa akiwaeleza wageni kwa nini behewa la Reli ya Kati, ambayo ni mita moja kamili, haliwezi kuingia kwenye njia ya TAZARA hata kama njia zote mbili zinafika Dar es Salaam. Nilimwambia mzee kwamba kwetu pia ni hivyohivyo. Sina hakika kwamba alinielewa, lakini alivua kofia, akaivaa tena. Nilipopanda treni niliwaza kwamba kama ningekuwa na fedha za kutosha ningepanda Shinkansen, na huenda ningempelekea Baba 1,435, jibu la njia isiyo yake.

Sehemu iliyobaki ya mkoa wa Shizuoka ni ndefu kuliko subira, nami nililala sehemu kubwa yake. Niliamka karibu na Bentenjima, pale njia inapovuka maji ya ziwa Hamana, na Shinkansen ikatupita kwenye njia yake ya jirani kwa mshindo mmoja, ikatoweka. Tangu hapo nilisimama behewa la kwanza nyuma ya kioo cha dereva. Alikuwa akinyoosha kidole chenye glavu kuelekea kila ishara na kuitaja kwa sauti, peke yake, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Mataruma yalikuwa ya zege na kokoto zilikuwa safi. Kilichonishangaza ni kwamba sikusikia ule mlio wa magurudumu kwenye maungio, ambao kwetu ndio uliotuambia treni inakaribia daraja.

Sekigahara, ambako vita kuu vya mwaka 1600 vilipiganwa, kulikuwa na mabaka ya theluji mashambani. Maibara abiria wote walikimbia kwenye ngazi kugombea viti vya treni iendayo Kyoto, nami nikakimbia nao bila aibu.

Usiku ule, saa nne, ambayo nyumbani ilikuwa saa kumi jioni, nilipiga simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika. Na jibu lako nimelipata. Ni elfu moja sitini na saba."

Alinyamaza kidogo. "Umepima, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa na mtu wa stesheni."

"Basi umeambiwa."

Nilijaribu kumlainisha kwa kumweleza kwamba treni ya mwisho niliyopanda, kutoka Maibara, huenda hadi kilomita 130 kwa saa. Aliniuliza mara mbili kama ni juu ya geji hiyohiyo, yaani upana huohuo wa reli. Akataka kujua maungio wanayafanyaje, na nilipomjibu kwamba sikuyasikia kabisa alisema wameyachomelea, ndiyo maana. "Kiberenge changu kingepita huko," aliongeza, na sauti yake haikuwa ya utani.

Kesho yake asubuhi nilipanda treni ya njia ya Nara, nikashuka kusini mwa Kyoto, nikatafuta tambukareli ya barabara ndogo. Niliwasubiri akina mama wawili wa baiskeli wapite, nikahakikisha kwamba kengele imenyamaza na vizuizi viko juu, kisha nikavuka polepole, kisigino kikigusa ncha ya kiatu kingine, kuanzia ukingo wa ndani wa reli ya kwanza. Kiatu cha nne hakikuenea: ncha yake ilipanda juu ya chuma. Nilimwandikia Baba ujumbe kwamba nimepima, na ni viatu vinne pungufu kidogo.

Alijibu baada ya saa nzima: "Viatu si geji. Lakini sawa."