Akili utamwachia?

Bibi yake yule mwanafunzi wangu anayekaa dirishani hakukusudia kunichoma kwa maneno yake. Najiambia hivyo tangu Jumatatu, na leo ni Jumapili, nimekaa na jiko la mkaa miguuni, bado pananiwasha.

Nilipita soko la Mwanjelwa kununua maharage, nikamkuta kizimbani kwake anampimia mteja.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Basi kwa kimbelembele changu mnachokijua, nikaanza kumsimulia habari za kadi zangu. Kadi tano nilizokata kwenye boksi la chaki, nikazitoboa na kuzifunga uzi: daftari, kalamu, kazi ya nyumbani, sweta, kidumu. Kila saa ya kutoka nasimama kwenye dawati lake, nazishika moja moja na kumtajia, naye anakusanya. Tangu Januari hajasahau sweta hata siku moja! Nikamweleza upya na ile ADHD ya mjukuu wake, hali ya ubongo inayovuruga umakini: kwamba mtoto anajua kabisa cha kufanya, kinachomshinda ni kukifanya wakati wake ukifika, na kwamba Russell Barkley, yule mwanasaikolojia wa Marekani, anataka msaada uwekwe palepale kazi inapofanyikia. Mawaidha ya asubuhi kwa jambo la jioni hayamfai.

Bibi akamimina sado ya tatu, lile kopo lake la kupimia. Akasema bila kuniangalia:

"Umefanya vizuri, Mwalimu. Sasa ukihamishwa, hiyo akili utamwachia, au utaondoka nayo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nimeyarudia maneno hayo nikipiga mswaki, nikisahihisha, hata Jumanne wathibiti ubora wa shule wakiwa wamekaa nyuma ya darasa langu. Jana mahari ya Neema wetu imepokelewa na sikumbuki nani aliongea. Kila nikiyarudia natafuta jibu. "Bibi, mimi sihami." Mwalimu wa serikali hana ubavu wa kusema hivyo. "Bibi, bado mdogo." Yuko la tano. Alhamisi asubuhi nikakubali kwamba jibu sina kwa sababu ameniweza. Kumwelekeza nilipanga, kujiondoa sikupanga. Ningeanza kwa kumtajia, baadaye nigonge kadi tu bila neno, kisha nimuulize "bado nini?", mwishowe ninyamaze nijifanye nafuta ubao. Mimi nimeganda kwenye kumtajia, mwezi wa tano huu, maana, niseme ukweli, napenda anavyonitazama akinisubiri.

Alhamisi hiyohiyo nikachelewa ofisini. Narudi darasani wenzake wameshatoka, yeye yuko mlangoni kajiinamia. Mkono unaingia mfuko wa kushoto, unatoa kitu kidogo, unakipeleka mfuko wa kulia. "Daftari." Tena. "Kalamu." Midomo inacheza, hanioni. Kilipobaki kimoja akakishika kati ya vidole, akakunja uso, akarudi mbio chini ya dirisha kuchukua kidumu.

"Nini hicho?"

"Maharage, Madam. Ya Bibi."

Hapo ndipo nikakumbuka nilichokiona Jumatatu nikakipita. Kila akimimina sado, Bibi hutenga harage moja pembeni, juu ya kitambaa, maana wateja wanamsemesha na hesabu inapotea. Maharage matano kitambaani ni sado tano, debe limetimia. Na Jumamosi zote kijana yuko pale anamshikia mfuko. Mimi huku nakata maboksi!

Nilifurahi mpaka nikampa hela ya karanga, jambo ambalo mnajua si kawaida yangu. Wivu nao ulikuwepo, kidogo.

Ijumaa mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka. Akabaki na maharage matatu, sweta likalala shuleni, na baridi hii ya Mbeya. Sindano na uzi vilikuwa kwenye droo yangu, mkono uliniwasha. Nikaifunga droo, nikamuuliza, "Sasa utafanyaje?" Akasema atafikiria. Nimeshindwa kuamua kama hapo nilikuwa mwalimu au mkaidi tu aliyechomwa na maneno ya Bibi.

Mama yangu naye alipanda gari la Tukuyu jana jioni baada ya shughuli ya mahari, na simu hapokei. Jirani anasema leo asubuhi alimwona akishuka bondeni kwenye migomba. Na lile goti, na utelezi ule.