Likizo Niliyoifuata Saa ya Nzi: Safari ya Maabara ya Heidelberg

Nilikuwa na umri wa miaka 16 nilipokubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika maabara ya jenetiki mjini Heidelberg, Ujerumani, wakati wa likizo ndefu ya shule. Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kwa sababu mtu aliye chini ya miaka 18 hasafiri kwa neno lake peke yake: wazazi walitakiwa kutia saini fomu ya ridhaa kwa ajili ya viza, bima ya afya ilibidi ionyeshwe, na maabara nayo ilitaka kujua nitalala wapi na nani atawajibika kwangu baada ya saa za kazi. Vijana wenzangu huniuliza zaidi kuhusu alama za mtihani, ilhali kwa maoni yangu karatasi hizi ndizo zinazowakwamisha wengi, na anayetaka kwenda azishughulikie kabla ya jambo lingine lolote.

Ndege ilitua Frankfurt asubuhi, na kutoka hapo nilipanda treni iliyonifikisha Heidelberg kwa muda wa saa moja hivi. Mji huo umekaa pale mto Neckar unapotoka katikati ya vilima na kuingia kwenye uwanda wa mto Rhine. Juu ya mji wa kale yapo magofu ya ngome ya mawe mekundu, na chuo kikuu chake, kilichoanzishwa mwaka 1386, ndicho kikongwe kuliko vyote nchini Ujerumani. Maabara nyingi, hata hivyo, hazimo mji wa kale. Ziko ng'ambo ya mto, katika eneo la Neuenheimer Feld, ambako tramu hupita kati ya hospitali, bustani ya mimea na majengo ya utafiti. Huko ndiko nilikoelekea kila asubuhi.

Msimamizi wangu alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, dada mwenye maneno machache na subira nyingi. Siku ya kwanza alinionyesha njia za kutokea moto ukizuka, mahali pa kunawia macho na mambo nisiyoruhusiwa kugusa, kisha akanipeleka katika chumba chenye harufu kali ya hamira, ambamo maelfu ya vichupa vilipangwa kwenye trei. Ndani ya kila kichupa, juu ya uji mgumu wa unga wa mahindi, sukari na hamira, waliishi nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Wanasayansi wamewatumia kwa zaidi ya miaka 100, kwani katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi, na kiumbe huyu ana jozi 4 tu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni za urithi ndani ya seli, jambo linalorahisisha kufuatilia kipi kimerithiwa kutoka kwa nani.

Nilianza kwa kujifunza kutazama. Nzi hulazwa usingizi kwa hewa ya kabonidioksidi inayopenya kupitia kibao chenye vitundu, halafu huwekwa chini ya hadubini na kusogezwa kwa brashi laini, mmoja baada ya mwingine. Jike ana tumbo lenye mistari hadi mwisho, na ncha yake imechongoka. Dume ana ncha nyeusi ya mviringo, na katika miguu ya mbele ana kitana kidogo cha vinyweleo vyeusi ambacho jike hana. Aliye mgumu zaidi kumtambua ni jike bikira, ambaye ndiye hasa anayehitajika, kwa sababu jike aliyekwisha kupandwa huhifadhi mbegu za dume wa kwanza na kuharibu hesabu yote. Bikira aliyetoka muda si mrefu kwenye pupa, yaani ganda ambamo buu hugeuka kuwa nzi, ana rangi iliyopauka, na ukimtazama kwa makini utaona doa jeusi likionekana kupitia ngozi ya tumbo, yaani mabaki ya chakula cha mwisho alichokula akiwa buu. Nilipoliona doa hilo kwa mara ya kwanza bila kuonyeshwa, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia alama yoyote ya darasani.

Katika nyuzi 25, jike hukaa takriban saa 8 tangu kutoka kwenye pupa bila kukubali dume. Kwa hiyo nzi wote wazima huondolewa vichupani asubuhi mapema, kisha majike wapya hukusanywa kabla ya saa hizo kupita, na mtafiti hupanga siku yake kwa kumfuata nzi. Hapo ndipo sheria ya Ujerumani ya kulinda vijana kazini ilipotugusa, kwa sababu mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwa kawaida hafanyi kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Tulitatua tatizo hilo kwa kuvihamishia vichupa kwenye kabati la nyuzi 18 kila jioni. Baridi hupunguza mwendo wa maisha ya nzi takriban kwa nusu, hivyo waliotoka kwenye pupa usiku walikuwa bado mabikira nilipofika asubuhi. Wakati huo niliipenda sana hila hiyo. Sikujua kwamba baridi hiyo hiyo ingekuja kutusumbua.

Kama zoezi nilirudia jaribio lililotokana na ugunduzi wa mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan, ambaye mwaka 1910 huko New York alimpata dume mwenye macho meupe katikati ya nzi wenye macho mekundu. Nilichukua majike wenye macho meupe nikawaweka pamoja na madume wenye macho mekundu. Watoto walipotoka, mabinti wote walikuwa na macho mekundu na wana wote macho meupe, kwa kuwa jeni ya rangi hiyo iko kwenye kromosomu ya X, ambayo dume huipata kutoka kwa mama peke yake. Nilikuwa nimelisoma jambo hili kitabuni, lakini kuwatenga kwa brashi mafungu mawili, mekundu huku na meupe kule, pasipo hata mmoja kukosea upande, ni kusadiki kwa namna nyingine.

Kazi yenyewe ya msimamizi wangu ilihusu jeni moja ambayo nzi akirithi nakala zake mbili zilizoharibika hufa kabla ya kukomaa. Nzi wanaobeba nakala moja mbovu hutunzwa pamoja na kromosomu maalumu yenye alama inayokunja mabawa kuelekea juu. Nayo ikirithiwa mara mbili huua pia. Matokeo yake, katika ukoo huo kila anayekua ana mabawa yaliyokunjwa. Msimamizi wangu alikuwa amepachika nakala nzima ya jeni ile mahali pengine kwenye kromosomu. Ikiwa nakala hiyo ingefanya kazi sawasawa, wale waliokuwa wafe wangepona, na mmoja kati ya kila watatu wanaokua angekuwa na mabawa yaliyonyooka. Nilipewa kuhesabu mabawa. Hakuna aliyejua jibu, wala yeye, wala mkuu wa maabara, na jambo hilo lilinitetemesha, kwa maana shuleni kila jaribio nililofanya lilikuwa na jibu lake kwa mwalimu.

Mwishoni mwa wiki nilitembea. Katika barabara ya Hauptstraße mji wa kale kuna nyumba ambamo mkemia Robert Bunsen na mwanafizikia Gustav Kirchhoff walifanya kazi yao ya kuchambua mwanga wa ndimi za moto kuanzia mwaka 1859. Kwa njia hiyo waligundua elementi ya sizi (caesium) mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861. Na ili kupata sizi kidogo tu, Bunsen alilazimika kuchemsha maelfu ya lita za maji ya chemchemi. Juu ya kilima kilicho nyuma ya mji ipo Maabara ya Biolojia ya Molekuli ya Ulaya, ambako Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichunguza kundi baada ya kundi la nzi wa matunda ili kupata wenye dosari za kurithi, wakitumia hadubini inayowawezesha watu wawili kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Walichapisha matokeo mwaka 1980, na mwaka 1995 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Edward B. Lewis. Nilipanda hadi huko kwa miguu, na njiani nilifikiria zaidi yale makundi ya nzi wasio na dosari yoyote, waliotazamwa kwa makini ile ile kisha wakawekwa kando.

Jumatatu moja nilifungua kichupa nikaona mabawa yaliyonyooka. Si nzi mmoja, ni kadhaa. Nilimwita msimamizi wangu, akainama kwenye hadubini, akakaa kimya, kisha akauliza swali moja tu: kichupa hiki kilikulia joto gani? Tuliangalia lebo na daftari, tukakuta kuwa kilikuwa kimewekwa kwenye kabati la nyuzi 18 ili nzi wasitoke siku za mapumziko. Akanieleza kwamba alama ile ya mabawa hutegemea joto; katika baridi hufifia, na nzi anayeibeba anaweza kuonekana kama hana.

Kilichofuata ndicho ninachokithamini kuliko yote. Hakuvitupa vichupa, wala hakuwahesabu wale nzi kama ushahidi. Tuliwachukua wale wenye mabawa yaliyonyooka, kila mmoja tukamweka na wenza wa kawaida wasiobeba alama yoyote, tukavitunza vichupa katika nyuzi 25. Kama kweli nzi hana kromosomu ile, hatakuwa na mtoto hata mmoja mwenye mabawa yaliyokunjwa. Kama anayo, karibu nusu ya watoto wake watakuwa hivyo. Tukasubiri kizazi kizima. Watoto walipotoka nilihesabu lebo zikiwa zimefunikwa, naye akarudia hesabu yangu. Kila kichupa kilikuwa na mabawa yaliyokunjwa. Vichupa vya jaribio lenyewe tulivyovianzisha upya katika nyuzi 25 navyo havikutoa nzi hata mmoja mwenye mabawa yaliyonyooka.

Niliandika jedwali kwenye daftari la maabara, na chini yake yeye akaandika kwamba nakala hii haiokoi. Anashuku kwamba kipande alichokipachika ni kifupi mno na kimeacha nje sehemu inayoiwasha jeni, hivyo siku yangu ya mwisho tulichora pamoja kipande kirefu zaidi. Kukitengeneza na kukipachika kutachukua miezi, na tumekubaliana kwamba hesabu za kwanza zitakapopatikana atanitumia, zikiwa na joto la kila kichupa limeandikwa pembeni.