Siku moja maishani mwangu: kumzamisha mumiani katika sakafu ya karatasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. London, mwishoni mwa Novemba, dirisha bado jeusi. Naweka birika, nawasha taa ya meza na kuitazama kazi iliyonishinda jana: jukwaa la karatasi lenye upana wa sentimita 30, pazia jekundu, matao yenye ncha, makaburi matatu yaliyoinama. Kila kitu kipo tayari isipokuwa sakafu.

Mteja wangu, mwalimu wa maigizo, anataka tukio moja tu, la mumiani kuzama sakafuni, kutoka tamthilia ya mnyonyadamu ya James Robinson Planché, iliyochezwa hapa London mwaka 1820. Kisa kiliwekwa Scotland, si kwa sababu Scotland ina wanyonyadamu wengi, bali kwa sababu ukumbi ulikuwa na mavazi ya Kiskoti stoo. Kilichobaki katika historia ni mlango wa sakafuni: vibao viwili vyenye springi, vinampisha mwigizaji kisha vinafunga papo hapo. Mtazamaji anaona mtu kapenya ubao mzima. Mimi nataka hivyo hivyo, ila kwa kadi na uzi.

Saa moja. Mama anapiga simu kutoka Malindi, kwao ni saa nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nakunywa chai."

"Chai si chakula. Na huyo mumiani wako?"

"Hataki kuzama."

"Muache basi. Mtu mzima na makaratasi!"

Saa mbili. Nusu ya chai ya rangi nainywa, nusu inaenda kwenye karatasi ya mwezi. Karatasi nyeupe ikimulikwa kwa nyuma inang'aa kama taa ya duka la dawa, haitishi mtu. Ikilowekwa chai inapata manjano ya ugonjwa. (Niliwahi kukosea kikombe. Chai ya karatasi ina ladha ya sanduku.)

Saa tatu hadi saa sita ni kukata tu. Kadi nyeusi ya gramu 300 kwa mita mraba, kisu cha upasuaji, kiwembe namba 11 ninachobadilisha kila nikihisi kinaanza kuvuta badala ya kupita. Matundu madogo kwanza, ukingo wa nje mwisho, kwa sababu kadi ikishapoteza ukingo inalegea mkononi. Matao ya leo yanatakiwa kuwa ya abasia (nyumba ya watawa) iliyobomoka, lakini nikiri: mkono wangu unachora Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Niliyaona magofu yale kabla sijajua neno Gothiki, mtindo wa Ulaya wa majengo yenye matao ya ncha. Msikiti usio na paa, mihrabu yenye tao lililochongoka, mizizi juu ya kuta za matumbawe, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nilikuwa mtoto wa shule, na nilitembea nimemshika mwenzangu shati. Wateja husifu hewa ya kaskazini katika kazi zangu. Nawashukuru, nanyamaza.

Saa saba nashuka Hoxton, mtaa wa hapa London, kununua kadi. Katika Hoxton Street alikuwa na duka Benjamin Pollock, aliyechapa na kuuza karatasi za majukwaa haya hadi alipofariki mwaka 1937. Bei ya zamani ya ufundi huu ilikuwa peni 1 kwa karatasi tupu na peni 2 kwa iliyotiwa rangi. Watoto walinunua ile ya peni 1, wakapaka wenyewe, wakakata, wakawachezea ndugu zao sebuleni kwa mwanga wa mshumaa. Nyingine zikaungua, bila shaka.

Saa tisa narudi kwenye sakafu. Jana nilitumia mipira ya kufungia pesa: ikivuta sana, mumiani anakwama kiunoni. Ikilegea, mlango unabaki wazi na mtu anaona shimo. Shimo linaua kila kitu. Unajua kaenda wapi, hofu imekwisha.

Saa kumi jua limezama (bado sijalizoea hili). Naosha chupa ya maziwa, naikata, nayatazama mabaki yake na kuona jinsi plastiki ile inavyojirudisha yenyewe ukiikunja. Nakata ndimi mbili, kila moja upana wa milimita 6, nazibandika chini ya vibao kwa gundi. Nasubiri ikauke. Nala wali wa jana, mama asije akauliza tena.

Saa moja usiku. Chini ya sakafu nimeacha nafasi ya sentimita 9. Mumiani ana urefu wa 7. Uzi mweusi umefungwa miguuni na kipande cha risasi ya kuvulia samaki. Nazima taa ya chumba. Mwezi wa chai unawaka nyuma ya matao. Navuta.

Anakwama. Napunguza mabega ya joho lake milimita moja kila upande, kazi ya dakika ishirini kwa kisu, pumzi nimeibana. Navuta tena.

Tak. Sakafu tupu, haina hata mstari. Makaburi matatu, mwezi, basi.

Narudia mara nane, na ya tisa naichukua video na kumtumia mama. Kwao ni saa tano usiku, najua kalala. Nafagia vipande vya kadi, navika kisu kofia yake. Simu inalia.

"We," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Sasa yule kaenda wapi?"