Beseni la mama, kipupwe cha Mbeya

Mama ameshalala, nami nimekaa karibu na jiko la mkaa nikiandika kabla halijazimika. Julai hii baridi ya Mbeya imetuweza. Asubuhi mlima Loleza haukuonekana hadi saa nne, na maji ya bomba yalikuwa yanakata vidole.

Mama alishuka jana jioni kutoka milima ya Uporoto, alikokuwa anavuna viazi. Alipovua mabuti nikaona visigino: magaga mstari juu ya mstari, udongo mweusi umejipenyeza ambako brashi haifiki. Nikamwambia, "Mama, kaa nikuoshe miguu." Akanijibu kama anavyojibu siku zote, "Nitakaa baadaye, mwanangu," akaenda kupepeta maharage. Nina miaka 31, na hiyo baadaye sijawahi kuiona.

Ndiyo maana nilikuwa nimezitengeneza tena zile tembe za kuogea zinazochemka majini, ambazo wengine huziita mabomu ya kuogea. Zilibuniwa Uingereza mwaka 1989 na Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Lush, kwa ajili ya watu wanaojaza maji kwenye sinki refu na kujilaza humo. Sisi tunaoga kwa ndoo na kopo. Lakini beseni lipo, na miguu inaenea.

Mahitaji niliyapata soko la Mwanjelwa, yote kwa shilingi kama elfu saba hivi, na yametoa tembe 14 za ukubwa wa yai. Soda ya kuokea vikombe viwili, ndimu ya unga kikombe kimoja, wanga wa mahindi nusu kikombe. Mafuta ya parachichi nilikuwa nimebakiza kidogo kwenye chupa, nikatia vijiko viwili vya mezani. Asiyenayo atumie ya alizeti, yanafaa vilevile. Harufu ni ya mchaichai wa uani. Niliukausha, nikautwanga, nikauchekecha kwa chujio la chai ili majani yasimng'ang'anie mama katikati ya vidole. Dukani hakikisha umepewa soda ya kuokea. Ukitaja magadi tu, muuzaji anaweza kukupimia magadi soda ya kutengenezea sabuni, na hayo ni makali, yatakubabua ngozi.

Soda na ndimu zikiwa kavu hukaa pamoja bila ugomvi. Maji yakiingia ndipo zinaposhikana, na povu linalopanda ni kaboni dayoksaidi, hewa ileile ya kwenye soda ya chupa. Kwa hiyo adui wa kazi hii ni unyevu. Machi nilipojaribu mara ya kwanza mvua zilikuwa hazikatiki, na mimi nikamwagia maji kwa kijiko. Mchanganyiko ukaumuka bakulini kama unga wa maandazi, na kesho yake nikakuta vitu laini vyenye vitundu, ukivitia majini vinalowa kimya. Niliumia, maana hela ile niliidunduliza.

Safari hii hewa ni kavu. Maji niliyanyunyiza kwa chupa ya kupulizia: napuliza mara moja, nachanganya, napuliza tena, nachanganya. Yote kwa jumla hayakujaza kijiko cha chai. Kipimo ni mkono wako: ukiufumbata unga ushikane kama mchanga wenye unyevu, lakini usichemke wala usiwe tope. Nikaushindilia kwenye vikombe vidogo vya kahawa, nikavipindua juu ya gazeti, nikaziacha tembe siku mbili kabatini, mbali na mvuke wa birika. Pua nilikuwa nimeifunga kitambaa. Vumbi la ndimu likikuingia utakohoa mpaka machozi yatoke.

Leo jioni niliweka beseni mbele ya kigoda, maji ya vuguvugu, nikamwita. "Mama, njoo usikie kitu." Sikumwambia akae. Nikadondosha tembe mbili. Akainama, akatega sikio, akavuta kigoda bila kuangalia nyuma.

"Inaongea," akasema.

Akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili.

Alikaa dakika 20. Kisigino kinalainishwa na maji na mafuta. Mchemko wenyewe hauponyi magaga, na sitaki kumdanganya mtu. Ila maji matupu na mafuta nimekuwa nikimwekea miaka yote, na hakukaa. Leo alikaa mpaka povu likaisha, na baada ya povu akaendelea kukaa, akinisimulia jinsi bibi alivyokuwa akiwakalisha kuzunguka moto na kuwapaka samli kwenye nyayo kabla ya kulala. Hadithi hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia.

Nilimsugua taratibu kwa jiwe lile jepesi lenye vitundu, la volkano ya Rungwe, nikamkausha mpaka katikati ya vidole, nikampaka mafuta ya mgando papo hapo, nikamvisha soksi. Usipopaka mafuta mara baada ya kuloweka, ngozi hukauka kuliko ilivyokuwa. Na sakafu ifute, kwa sababu maji yale yana mafuta na yanateleza.

Mama mdogo wa nyumba ya pili alipopita akaomba naye aloweke. Ana kisukari. Nilimkatalia kwa heshima zote na roho ikaniuma: miguu yenye kisukari huweza kufa ganzi isisikie maji ya moto, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi, kidonda kikaanza bila mwenyewe kujua. Nikampa kopo la mafuta ya mgando ajipake juu, asiweke katikati ya vidole.

Kabla ya kulala mama aliniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia 12. Akahesabu kwa vidole siku zilizobaki kabla ya kurudi shambani.

"Basi hilo beseni liache hapohapo."