Kwanini s na f zinachanganyana kwenye simu

Ukimtajia mtu jina lenye s au f kwenye simu mara nyingi atakuuliza "umesema nani?", na wengi tunalaumu mtandao kumbe simu yenyewe ndo ilivyopangwa, inapitisha hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 300 mpaka 3400 hivi, wakati nguvu kubwa ya s iko juu ya 4000, sa ikikatwa unabaki upepo tu unaofanana na f.

Asili yake ni ndefu ila mi naipenda sana. Zamani sauti ikisafiri mbali inafifia, wanaweka vituo njiani vya kuiongezea nguvu, tatizo kelele nazo zinaongezwa, kila kituo zinazidi mpaka mwisho wa waya ni mikwaruzo. Mwaka 1937 Alec Reeves, injinia Mwingereza aliyekuwa maabara ya kampuni ya simu ya ITT kule Paris, akasema tusitume sauti yenyewe, tuipime haraka haraka tutume vipimo kama namba, yaani mapigo ya umeme ambayo ama yapo ama hayapo, kwaiyo hata yakichafuka njiani kituo kinaangalia tu pigo lipo au halipo afu kinatoa jipya, safi kabisa, kelele imeachwa nyuma. Kwa valvu za enzi hizo, zile taa za kioo za kuongozea umeme, ilikuwa ghali mno, ikabidi isubiri transista, kifaa kidogo kilichochukua nafasi yake, Marekani kampuni ya simu ya Bell wakaanza kuitumia kwenye mtandao wao 1962, maongezi 24 kwenye jozi mbili za waya.

Sauti inapimwa mara 8000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8 (biti ni pigo moja, lipo au halipo), jumla biti 64,000 kwa sekunde. Biti 8 ni ngazi 256 tu na hazijapangwa sawasawa, sauti ndogo zimepewa ngazi za karibu karibu na kubwa zimeachiwa nafasi, maana sikio linasamehe kosa kidogo kwenye makelele ila kwenye mnong'ono halisamehi. Hapo watu waliwaza kwelikweli.

Ila hiyo 8000 ndo iliyoifungia s mlango, maana kila mtetemo unahitaji angalau vipimo viwili, kwa hivyo huwezi kubeba kinachozidi hezi 4000. Simu za 4G zenye VoLTE, yaani maongezi yanayopita kwenye 4G yenyewe, zinaweza kupima mara 16,000 zikafika hezi 7000 na s inasikika s, lakini lazima wote wawili muwe nayo na mitandao yenu ikubaliane, mmoja akiwa na kitochi mnarudi kule kule. Natamani makampuni yaunganishe hili kati ya mitandao yote, mtu akiuliza jina la dawa kwa simu asitajiwe herufi moja moja.