Aprili Tulipobebesha Godello Juu ya Palomino

Shamba lilikuwa juu ya mto Sil, huko Valdeorras, mashariki mwa Galicia nchini Uhispania, kwenye mteremko wa mawe ya sleti. Tulikwenda kubebesha, yaani kuunganisha vijiti vya mzabibu wa Godello juu ya mashina ya mzabibu mwingine. Mashina mengi yalikuwa ya Palomino, zabibu ya Andalusia iliyoenea Galicia baada ya filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, kuangamiza mizabibu ya wenyeji. Palomino huzaa sana, ndiyo maana wakulima waliikumbatia. Lakini kule mvinyo wake hutoka mwepesi, hausemi umetoka mlima gani. Godello, zabibu nyeupe ya wenyeji, ilibaki shina hapa, shina pale, hadi mwaka 1974 wataalamu wa kilimo Horacio Fernández Presa na Luis Hidalgo walipoanza mradi wa REVIVAL wa kuirudisha.

Kazi ya Aprili ile ilianzia Septemba iliyotangulia. Wakati wa baridi vijiti vya mizabibu hufanana mno, kwa hiyo Godello hutambuliwa ikiwa na zabibu zake: vichala vidogo vilivyobanana, wakati vya Palomino ni vikubwa zaidi. Tulifunga utepe kwenye mashina ya zamani ya shamba lile lile. Kila lenye majani yaliyojikunja kingo au yenye mabaka ya njano tuliliruka, maana kikonyo, yaani kipande cha kijiti kinachobebeshwa, kikiwa na virusi hupeleka ugonjwa kwenye shina zima. Tulichagua mashina mengi badala ya moja bora. Naamini bado kwamba hapo ndipo ladha ya mahali huokolewa au hupotea: ukizalisha shina moja tu, umerudisha jina la zabibu na kuacha tofauti zake zote.

Januari tulikata vijiti vya unene wa penseli, tukavifunga kwa magunia yenye unyevu ndani ya plastiki, na kuvihifadhi kwenye nyuzijoto 3 hadi 4 za Selsiasi. Aliyezoea Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hushangaa kuona kijiti kikilala miezi mitatu na kuamka kizima.

Hatukung'oa Palomino kwa sababu mizizi yake ilikwisha kupenya nyufa za mawe, na mche mpya ungehitaji miaka kufika huko. Tulikata shina kwa msumeno, tukalipasua katikati kiasi cha sentimita 4, tukachonga vikonyo viwili vya macho mawili kila kimoja kuwa kabari, tukavichomeka kila upande wa ufa. Tulifunga kwa rafia, kamba laini ya nyuzi za mchikichi, na kuziba kwa nta. Chini ya kiungo tulichanja gome pande mbili ili utomvu utokee huko, tukaacha na chipukizi moja la Palomino kuvuta maji yaliyozidi.

Ugumu wote uko kwenye utando wa kijani ulio chini ya gome. Utando wa kikonyo lazima uguse utando wa shina. Gome la shina la zamani ni nene, la kikonyo ni jembamba; ukivilinganisha kwa nje, tando mbili hazikutani. Kikonyo kinapaswa kuingia ndani kidogo, na jicho la mfanyakazi hukataa kuamini hivyo. Wasiwasi ukikupata, kiinamishe kidogo, tando zikatane angalau sehemu moja.

Wiki ya nne safu za juu zilikuwa zimechipua, na machipukizi tukayafunga kwenye vigingi mara moja, kwa kuwa upepo wa bondeni huyang'oa kwenye kiungo. Safu za chini zilikuwa kimya. Tulipofungua rafia, baadhi ya vikonyo vilikuwa vimekauka: vilikaa sawasawa na gome la nje. Vingi zaidi vilikuwa vyeusi na vimeoza. Safu za juu tulizikata siku 5 kabla ya kubebesha, zikalia utomvu wote. Zile za chini, penye udongo mzito wenye maji mengi, tulizikata na kuzibebesha siku hiyo hiyo kwa sababu jua lilikuwa linazama. Utomvu ulifurika chini ya nta, na michanjo miwili haikutosha kuupunguza.

Vijiti vya akiba vilikuwa vimekwisha. Tuliyaachia mashina yale chipukizi lao la Palomino yasife, tukasubiri Januari tukate upya kwenye mashina yenye utepe.